Ukungu wa Mwendo

Kila kitu cha kale kinapotengenezwa upya, fundi hukutana na swali ambalo halimo katika sanduku lake la zana: kasoro hii ni ya kitu chenyewe, au ni vumbi lililokiangukia njiani? Fundi wa saa hukutana na swali hilo, mhariri wa tenzi hukutana nalo, na siku hizi hukutana nalo hata watengenezaji wa michezo ya video. Nataka tulitazame kwa kupitia jambo ambalo wengi wataliona dogo, yaani ule ukungu unaotanda kwenye kioo wakati picha inapokwenda kasi. Mchezo wa zamani unapotolewa upya kwa ajili ya mitambo mipya, ukungu huo uachwe kama ulivyokuwa, uondolewe kabisa, au mchezaji apewe kitufe cha kuchagua?

Msomaji ambaye hajawahi kucheza michezo hiyo asifunge kitabu. Ukungu huu una umri mkubwa kuliko michezo yenyewe. Ulizaliwa pamoja na kamera, na historia yake ndiyo itakayotusaidia kuamua.

Mwaka 1838 Louis Daguerre alitega chombo chake kwenye dirisha mjini Paris, akaipiga picha barabara ya Boulevard du Temple. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini picha ilipotoka ilionyesha mtaa uliokaribia kuwa mtupu. Bamba la picha lilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, na kila aliyekuwa akitembea alipita kabla hajaacha alama. Anayeonekana wazi ni mtu mmoja aliyekuwa amesimama akipigwa viatu rangi. Wengine waliyeyuka. Huo ndio ukungu wa mwendo uliofika mwisho wake: mwendo ukizidi, mwendaji hutoweka.

Miaka 40 baadaye, Juni 1878, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya farasi huko Palo Alto, California. Tajiri Leland Stanford alitaka kujua jinsi farasi anavyokwenda anapopiga mbio, na hasa kama kuna wakati ambapo miguu yote minne huachana na ardhi. Macho ya binadamu yalikuwa yameshindwa kulijibu swali hilo kwa karne nyingi. Picha za Muybridge zililijibu: naam, huachana nayo. Ushindi wake ulikuwa wa kuufukuza ukungu. Aliukata mwendo vipande vidogo sana, na kila kipande kikasimama kimya.

Ajabu ni kwamba sinema, ambayo ni mtoto wa majaribio kama hayo, iliukaribisha tena ukungu ndani ya nyumba. Sauti ilipoingia katika filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, mwendo wa picha 24 kwa sekunde ulifanywa kuwa kawaida. Kwa desturi, mlango wa kamera hubaki wazi kwa nusu ya muda wa kila picha, yaani sehemu moja ya 48 ya sekunde. Katika muda huo mdogo mkono unaopungwa huwa umekwisha kusogea, nao huacha mchirizi. Mtazamaji aliyekaa kwenye kiti hauoni mchirizi. Anaona mkono unaopita. Ukungu umekuwa gundi inayoziunganisha picha 24 zikawa mwendo mmoja.

Thamani ya gundi hiyo hujulikana inapokosekana. Katika filamu ya King Kong ya mwaka 1933, sokwe yule alikuwa mwanasesere aliyesogezwa kidogo, akapigwa picha akiwa ametulia, akasogezwa tena. Kila picha ilitoka safi, na kwa sababu hiyo hiyo mwendo wake ukawa wa kurukaruka. Ilipotengenezwa filamu ya Dragonslayer ya mwaka 1981, mafundi wa Industrial Light & Magic, akiwamo Phil Tippett, waliunganisha mwanasesere wa joka na mota zilizoongozwa na kompyuta, ili asogee wakati mlango wa kamera uko wazi. Walikuwa wakiutengeneza kwa makusudi ukungu ambao Muybridge alijitahidi kuufukuza. Mwaka 1984 wataalamu wa Lucasfilm waliuonyesha ukungu huo katika filamu fupi ya The Adventures of André & Wally B., ambayo ilichorwa yote kwa kompyuta. Kompyuta ilikuwa imefundishwa kukosea kama kamera.

Sasa tuje kwenye michezo. Mchezo wa video ni ndugu wa yule sokwe wa mwaka 1933. Mtambo hupiga hesabu ya mahali kila kitu kilipo katika nukta moja ya wakati, ukachora picha, kisha ukapiga hesabu nyingine. Kamera ya mchezo haina mlango unaofunguka na kufunga, kwa hiyo kila picha hutoka safi na mwendo huweza kuonekana wa kurukaruka. Anayetaka ukungu lazima autie kwa mkono wake. Mtambo wa PlayStation 2, ulioanza kuuzwa mwaka 2000, ulikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4 tu kwa kazi ya picha, lakini ilikuwa ya kasi sana. Kuichukua picha iliyopita na kuitandaza kwa wepesi juu ya picha mpya ilikuwa kazi isiyougharimu sana mtambo huo. Ndiyo maana michezo mingi ya miaka ile ina mikia ya mwanga nyuma ya magari, na mandhari inayoonekana kama ndoto za mtu mwenye homa.

Hapo ukungu ulifanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, ulikuwa sanaa: mwendeshaji alihisi kasi, na mnyama mkubwa alionekana ana uzito. Pili, ulikuwa tiba ya umaskini wa mtambo, kwa maana uliziba mapengo pale picha zilipokuwa chache. Tatu, ulikuwa kitambaa cha kufunikia kingo zilizochongoka kama meno ya msumeno. Chukua mfano wa Shadow of the Colossus, uliotoka mwaka 2005 chini ya uongozi wa Fumito Ueda. Mchezo huo ulidai mengi kuliko mtambo wake ulivyoweza, na mara nyingi ulishindwa kufikisha hata picha 30 kwa sekunde. Majitu yake yanapotikisa shingo na kijana akining'inia kwenye manyoya, ukungu unamfanya mchezaji ashike kidhibiti kwa nguvu zaidi. Je, ukungu ule ulikuwa sanaa au kiraka? Naamini ulikuwa vyote viwili, na hata aliyeutia huenda asingeweza kuvitenganisha.

Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa hatuwezi kuvitenganisha, basi tusiguse kitu. Kazi iachwe kama mwenyewe alivyoiacha. Anayetaka kuizima sehemu moja ni sawa na msomaji anayetaka kitabu kisicho na sura ya tatu. Hoja hii naiheshimu, na yaliyotokea mwaka 2021 yanaipa nguvu. Mwaka huo michezo mitatu ya Grand Theft Auto, yaani ya tatu, Vice City na San Andreas, ilitolewa upya kwa pamoja. San Andreas ya mwaka 2004 ilikuwa na ukungu wa hewa uliofunika sehemu za mbali. Huo si ukungu wa mwendo, lakini ni wa ukoo mmoja nao, kwa kuwa nao ulizaliwa na udhaifu wa mtambo. Katika toleo jipya uliondolewa. Mchezaji alipopanda mlima aliona nchi nzima kwa mkupuo, na nchi ile aliyoidhani kubwa, yenye miji mitatu, jangwa na misitu, ikawa kama bustani ya nyuma ya nyumba. Watu walilalamika sana, na kampuni ya Rockstar Games iliomba radhi kwa hali ya toleo lile, ikaahidi kuyarudisha sokoni matoleo ya zamani ya kompyuta iliyokuwa imeyaondoa. Mnamo Novemba 2024 masahihisho yalileta chaguo la mwanga wa kale, ambalo lilirudisha sura ya hewa ya awali kwa anayeitaka.

Watetezi wa kutokugusa watasema: unaona, kumbe ukungu ulikuwa sehemu ya kazi. Ni kweli, ulikuwa. Lakini tuangalie ugomvi ulimalizwaje. Ulimalizwa kwa kuweka chaguo, na kila mtu akaingia kwa mlango wake. Kosa la mwaka 2021 lilikuwa kumwamulia mchezaji bila kumwachia njia ya kurudi. Kumlazimisha mtu kubaki na ukungu ni kosa la aina ile ile, isipokuwa limegeuzwa upande wa pili. Tena upo ushahidi wa zamani zaidi. Grand Theft Auto ya tatu, ilipotoka mwaka 2001, ilikuwa na chaguo katika orodha ya mipangilio yake: mikia ile ya mwanga iwashwe au izimwe. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kitufe ni dharau kwa mchezo wa asili ajue kwamba mchezo wenyewe wa asili ulikuwa nacho.

Kuna hoja nyingine ambayo naiona nzito zaidi. Katika sinema, mwongozaji ndiye anayeigeuza kamera. Anajua itageuka kwa kasi gani, na kwa hiyo anajua ukungu utakuwa wa kiasi gani. Katika michezo mingi, anayeigeuza kamera ni kidole gumba cha mchezaji. Mtu mwenye pupa huigeuza mara mia kwa dakika. Mtulivu huizungusha polepole kama anayetazama bahari. Mtengenezaji aliandika kanuni ya ukungu, lakini kiasi cha ukungu kiliandikwa na mchezaji tangu siku ya kwanza. Basi hakuna ukungu mmoja wa asili unaoweza kuhifadhiwa kama unavyohifadhiwa mstari wa shairi.

Hata kioo chenyewe si kile. Katika miaka ya 2000 vijana wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi walijazana katika vibanda vya gemu, wakilipia kwa dakika au kwa mechi, na mbele yao zilikuwa televisheni zenye chogo. Televisheni ya chogo huimulika kila picha kwa kitambo kidogo, kisha mwanga wake hufifia kabla picha nyingine haijaja. Vioo bapa vya leo kwa kawaida havifanyi hivyo. Vinaishikilia picha mpaka nyingine ifike, na jicho linalokifuata kitu kinachokwenda hulipaka umbo la kitu hicho kwenye retina. Piga hesabu: kitu kikivuka nukta 1,920 za upana wa kioo kwa sekunde moja, na picha zikawa 60 kwa sekunde, basi kila picha hukaa kimya huku jicho likisogea nukta 32. Huo ni ukungu ambao hakuna aliyeutia. Umetoka kwenye kioo chenyewe. Ukiongeza juu yake ukungu wa mwaka 2005, unampa mchezaji chumvi mara mbili katika mchuzi mmoja. Anayedai kwamba ameuacha mchezo kama ulivyokuwa amesahau kwamba sufuria imebadilika.

Jambo hili la kioo linatugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa namna nyingine pia. Televisheni zetu zilifuata mtindo wa PAL, wa mapigo 50 kwa sekunde, wakati Marekani na Japani walitumia 60. Michezo mingi ya zamani iliyotayarishwa kwa ajili ya nchi za PAL ilikwenda polepole kuliko ile ya asili. Mwaka 2018 Sony ilipotoa kisanduku kidogo cha PlayStation Classic chenye michezo 20, michezo tisa kati ya hiyo, mmojawapo Tekken 3, ilikuwa ya mtindo wa 50, na wachezaji wa Marekani waliona mateke yamekuwa mazito. Ilipotokea tena mwaka 2022 katika huduma yake ya michezo ya kale, kampuni hiyo ilitangaza kuwa ingeweka chaguo la mtindo wa 60. Lakini mtu aliyekulia kwenye PAL, ambaye vidole vyake vilijifunza ngumi na mateke kwa mwendo ule wa taratibu, anaukumbuka upi kuwa wa asili? Kwake yeye, mwendo sahihi ndio mgeni. Chaguo linamhifadhi na yeye pia.

Nimeacha kwa makusudi hoja ya mwili, kwa sababu sikutaka ionekane kama ombi la huruma. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, hupenda michezo ya matukio yenye hadithi ndefu. Mwaka mmoja aliazima mchezo wa zamani uliotolewa upya, ambao kaka zake walikuwa wamemsimulia tangu akiwa mdogo. Baada ya dakika 20 alianza kujisikia kama abiria wa basi kwenye kona za Kitonga: kichwa kizito, mate yamejaa mdomoni. Alitafuta pa kuuzima ukungu na hakupaona. Siku ya tatu aliurudisha, akaniambia, “Mjomba, hadithi ni nzuri, lakini macho yangu hayaingii mle ndani.” Sikuwa na la kumjibu. Kaka zake walimcheka kwanza, kisha wakanyamaza, maana kile walichotaka kumshirikisha kilikuwa utoto wao wenyewe.

Si kila mtu anayepatwa na hali hiyo. Wapo ambao ukungu huwatuliza, na picha kali zinazorukaruka ndizo zinazowasumbua. Hapo ndipo ilipo nguvu ya chaguo: haliamui nani yuko sahihi. Watengenezaji wenyewe wamekwisha kulielewa jambo hili. The Last of Us Part II, uliotoka mwaka 2020, ulikuja na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wachezaji wenye mahitaji mbalimbali, ukiwamo wa kupunguza ukungu wa mwendo. Ikiwa mchezo mpya unaweza kumjali mtu wa leo, mchezo wa kale unaotolewa upya na kuuzwa upya kwa mtu huyo huyo una udhuru gani?

Utakuwapo udhuru wa gharama, nao si wa uongo. Kila kitufe kinaongeza kazi ya kujaribu, na ukiondoa ukungu unaweza kufichua mshono ambao ulifichwa kwa miaka 20. Lakini anayetoa upya kazi ya kale amekwisha kukubali kufungua mishono. Amechora upya nyuso, ameongeza nukta, ameharakisha picha. Mwaka 2018 Shadow of the Colossus ilipotengenezwa upya na Bluepoint Games, wenye PlayStation 4 Pro waliweza kuchagua: picha zenye nukta nyingi zaidi kwa mwendo wa 30, au mwendo wa 60 kwa nukta chache. Hakuna aliyesema kwamba chaguo hilo limeua majitu.

Wasomaji wa Kiswahili wanaujua mkasa huu kwa jina lingine. Tenzi zetu za kale, kama Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo hazikuwa na herufi kwa baadhi ya sauti za Kibantu. Aliyezihamishia kwenye hati za Kirumi alilazimika kuamua kila mara: hapa mtunzi alitamka hivi au vile? Ilikuwa lazima aguse. Mhariri asiye mwaminifu aliamua kimyakimya, na msomaji akapokea uamuzi wake kama neno la mtunzi. Mhariri mwaminifu aliweka chaguo lake juu, na chini ya ukurasa akaandika: nakala nyingine inasema hivi. Mstari ule mdogo wa chini haukumpunguzia Mwana Kupona chochote. Ulimheshimu yeye na ukamheshimu msomaji.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Mchezo wa kale unapotolewa upya, uanze na ukungu wake, kama mtunzi alivyouacha, ili mgeni akutane kwanza na kazi ilivyokuwa. Lakini kitufe kiwepo, tena mahali panapoonekana, na kiwe cha kupunguza kidogo kidogo, si cha kuwasha na kuzima tu. Kisha atakayekigusa asiambiwe kwamba ameharibu. Kile kitufe ndio mstari wa chini ya ukurasa.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Walijua pia kwamba macho hayafanani. Kazi ya kale hubaki hai kwa kuwa watu wapya wanaweza kuiingia, kila mmoja kwa macho aliyojaliwa, wakatoka humo wakiwa na jambo la kuwasimulia wengine. Tukiuhifadhi ukungu na kumwacha mtu nje ya mlango, tutakuwa tumefanya alichofanya kile chombo cha Daguerre: tumeutunza mtaa, na watu wote wametoweka.